Sijulikani Niliko

Mahakama ya nyumbani ilitoa talaka yangu nikiwa dereva Riyadh, na mimi niliisikia baadaye. Nilipotaka kuoa tena nilihitaji nakala ya hukumu. Pasipoti yangu ilikuwa kwa kafili, mwajiri aliyenidhamini, kwa hiyo nilimtuma dada yangu. Masjala walimzungusha wiki tatu kwa sababu hatukuwa na nambari ya kesi. Faili ilipopatikana, karani alikataa kumpa nakala, akataka nije mwenyewe, ila alimruhusu kuisoma. Dada alinipigia simu nikiwa nimeegesha gari mtaa wa Batha, akanieleza aliyoyasoma. Mke wangu alikuwa ameapa kwamba sijulikani niliko, kwa hiyo niliitwa mahakamani kwa tangazo katika gazeti la Nairobi. Lisomwe na nani huku? Na mwaka wote wa kesi hiyo mwanamke huyo huyo alinipigia kila Ijumaa, akiniuliza kama nimekula.