Sikio la Kushoto la Baba

Baba yangu alifanya kazi ya useremala miaka mingi, kwenye karakana yenye mashine za kuranda zilizonguruma kutwa nzima. Alipostaafu akarudi kulima karibu na Peramiho, akiwa amebakiza kidogo tu kuwa kiziwi. Madaktari wageni waliopita kwa siku chache walimpa vifaa viwili vya kusikia, kimoja kwa kila sikio, wakavirekebisha kwa kompyuta yao kulingana na hali yake, wakaenda zao. Kwa muda alisikia vizuri. Kisha masikio yakazidi kufifia, na vifaa vikabaki vilevile.

"Naona mdomo unacheza," aliniambia. "Sauti siipati."

Kisanduku cha kurekebishia, kinachounganisha vifaa hivyo na kompyuta, kidogo kama kiberiti, kilikuwa kimebaki kwa nesi mstaafu aliyewasaidia wale madaktari. Nilipomfuata nyumbani kwake alinipa bahasha yenye kisanduku, nyaya na CD ya programu.

"Chukua, mwanangu. Kompyuta waliyoniachia nayo ilishakufa. Si ndiyo kazi yako hii?"

Ndiyo kazi yangu. Ninahudumia kompyuta za ofisi moja hapa Songea mjini. Sikumwambia kwamba sijawahi kugusa kifaa ambacho mtu anakitegemea mwilini.

Programu ilitaka mfumo wa zamani ambao laptop yangu haiukubali. Nikatengeneza mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, inayoendeshwa ndani ya laptop kama programu nyingine yoyote, nikauweka mfumo wa zamani humo. Tatizo ni kwamba mashine ya namna hiyo haina matundu yake yenyewe ya kuchomekea nyaya. Ukichomeka kitu, laptop ndiyo inayokishika kwanza. Lazima uiamuru ikiachie, ikipitishe kwa ile ya ndani. Niliiamuru. Kisanduku kikaonekana ndani kwa sekunde mbili, kikapotea.

Nilihangaika siku tatu nyumbani kwangu Ruhuwiko kabla ya kuelewa. Kumbe kisanduku kikishawashwa hujizima na kuwaka upya, na mara ya pili hujitambulisha kwa namba nyingine. Laptop ilikuwa imeambiwa kuachia namba ya kwanza tu. Ya pili ilikuwa inaikamata yenyewe. Nikaandika namba zote mbili. Kikatulia.

Jumamosi nikaenda kwa Baba. Nilimwamkia kwa kupiga kelele, akaitikia marahaba, tukakaa barazani, laptop juu ya kigoda, waya wa umeme ukipita dirishani. Nikaanza na sikio la kulia. Programu ikakitambua kifaa, nikapandisha sauti kidogo kidogo, nikahifadhi. Baba akakivaa, akainamisha kichwa.

"Kuku wanagombana nyuma ya nyumba," akasema.

Ni kweli walikuwa wanagombana. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Baba, unanisikia?"

"Nakusikia. Kumbe sauti yako imekuwa ya mama yako kabisa." Akacheka, akavua kifaa cha kushoto, akaniwekea kiganjani. "Haya, na hiki. Haraka."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilijua kwamba laptop ikikosa umeme na kuanza kutumia betri, hubana matumizi kwa kuzima matundu yake. Nilikuwa nimejiandikia kwenye karatasi: ondoa huo mpangilio. Sikuuondoa. Umeme ulikuwepo, Baba alikuwa anacheka, nami nilitaka acheke zaidi. Nikabonyeza kuhifadhi.

Umeme ukakatika. Kioo kikafifia, tundu likazimika, kisanduku kikatoweka kwenye mashine ya ndani wakati marekebisho yalikuwa yameandikwa nusu tu kwenye kifaa. Nilipokirudisha, programu ilisema upande wa kushoto hakuna kitu. Nikajaribu tena. Hakuna kitu.

Baba akakivaa. "Hiki kimya."

"Itakuwa betri, Baba," nikasema. "Nitakuletea."

Nilimletea. Akabadilisha, kifaa kikabaki kimya. Wiki iliyofuata akamtuma jirani aliyekuwa anakuja mjini anunue nyingine, akidhani zangu zilikuwa mbovu. Jirani alinipigia simu kuniuliza duka. Nikamwelekeza. Niliikata ile simu nikakaa kitandani bila kuvua viatu, nikijiona mwizi aliyeiba kitu asichoweza hata kukitumia.

Niliishi na uongo huo mwezi mzima, kisha Jumapili moja nikamkuta ametoka kanisani. Nilikaa upande wake wa kulia.

"Baba, si betri. Nilikiharibu mimi, siku ile umeme ulipokatika. Nilijua cha kufanya, sikukifanya."

Akakitoa kile kifaa mfukoni, maana alikuwa bado anatembea nacho, akakigeuzageuza kama anayetafuta ufa kwenye ubao.

"Na hiki cha kulia, kingeweza kuharibika vilevile?"

"Ndiyo, Baba."

"Ukaniambia betri."

"Ndiyo."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliingia ndani, na siku hiyo hakunisindikiza barabarani kama kawaida yake.

Uhusiano wetu ulirudi polepole, lakini sikio halikurudi. Sasa hata kifaa cha kulia kimeanza kumpungukia. Nimeondoa ule mpangilio wa umeme, nimekijaribu kisanduku mara nyingi nikizima swichi kwa makusudi, na hakipotei tena. Mwezi uliopita nilimwomba, kwa sauti ya juu, aniruhusu nikipandishe kidogo kifaa hicho cha kulia.

"Umeme ukikatika?" akauliza.

"Hilo nimelirekebisha."

"Na lile usilolijua bado?"

Akaniambia kifaa kikae hivyo hivyo, maana anachosikia kinamtosha. Kisha akaniuliza habari za kazini, nami nikajibu kwa sauti ya kawaida, na kwa jinsi alivyoitikia kwa kichwa tu nilijua hakupata hata neno moja.