Sufuria Kitandani

Ukiingia chumbani kwa Mvuke saa sita mchana bila kumjua, utashusha sauti. Utadhani kuna mgonjwa. Kitandani, kwenye kona ya ukutani, kuna kitu kimefunikwa gubigubi kwa mablanketi mawili, na mto umewekwa juu yake. Lakini mgonjwa huyo hakohoi wala hageuki, na ukimsogelea ananukia vitunguu. Ni sufuria ya maharage, nayo inaiva.

Jina la Mvuke alipewa kazini. Ni mpiga pasi kwa dobi, na huu ni mwaka wa kumi na tano amesimama nyuma ya meza ileile, pasi ya mvuke mkononi, akinyoosha mashati ya watu wasiojua hata sura yake. Ni mrefu, mkimya, na mikono yake imekwisha kuzoea moto, kiasi kwamba hushika sufuria iliyotoka kuchemka kama wewe unavyoshika kikombe. Chumba chake kiko ghorofa ya tatu na hakina jiko. Hakina pa kuoshea vyombo, hakina kabati la vyakula, na maji yako bombani, chini uani. Kina kitanda, dirisha, meza ya kupigia pasi na soketi moja, tena soketi yenye maringo. Jiko lake dogo la umeme likiwaka zaidi ya nusu saa, swichi kuu inajizima na ghorofa nzima inabaki bila umeme. Hapo milango hufunguliwa mmoja mmoja, na majirani huuliza kwa upole wa uongo, "Fundi, leo tena unapika?"

Sasa niambie nani aliyewahi kuivisha maharage kwa nusu saa. Mtu mwingine angekula mkate na chai mpaka azeeke. Mvuke alikwenda kazini akafikiri. Aliona kwamba mashuka yakitoka kwenye mashine ya kukaushia na kufungwa furushi asubuhi, ukilifungua jioni, katikati bado kuna joto. Akajiuliza, kama mashuka yanaweza kukaa na joto lao kutwa nzima bila kuwasha chochote, maharage yana kosa gani?

Tangu siku hiyo ana utaratibu wake. Usiku huyaloweka. Asubuhi huyachemsha dakika ishirini kwa moto mkali, kifuniko kimefungwa kwa uzi, kisha hufanya haraka: kurasa sita za gazeti chini, sita juu, shuka, blanketi la kwanza, blanketi la pili, na mto. Anakwenda zake kazini. Jioni anayakuta laini, ya moto, hayajashika chini hata punje moja. Watu wenye majiko ya kung'aa, yenye milango ya vioo, wanaunguza maharage kila wiki. Huyu hajaunguza hata mara moja, na mimi namvulia kofia.

Tatizo ni kwamba chakula hicho chote alikuwa anakila peke yake. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita, binti yao akiwa na miaka mitano. Dada yake Mvuke, mwalimu mstaafu anayeishi mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi, alimchukua mtoto "mpaka ujipange." Mvuke akajipanga. Lakini kila alipoomba arudishiwe mtoto wake, jibu lilikuwa lilelile. "Mtoto hakulii kwenye chumba kisicho na jiko. Atakula nini, pasi?"

Tusimsingizie dada. Hakuwa na roho mbaya. Alimlea mtoto vizuri, akamsomesha, akamvalisha. Alikuwa tu na jiko kubwa, na masharti makubwa kuliko jiko lenyewe. Mtoto akichungulia mlango wa jikoni huambiwa, "Toka humo, utaungua." Chakula humfikia mezani kikiwa tayari, naye hukila kimya, kama mgeni.

Saa mbili kila usiku Mvuke alipiga simu. Mtoto hakuwa na habari nyingi, akawa anauliza swali moja tu: "Baba, leo umefunika nini?" Na baba anaeleza, hatua kwa hatua, maana hakuwa na hadithi nyingine. Mtoto akisahau hatua, anaulizia mkunjo wa blanketi. Akikumbuka, anamsahihisha baba yake.

Hatimaye dada alilegea kidogo. Angekuja Jumapili pamoja na mtoto, wale chakula cha mchana, aone kwa macho yake. Basi la kurudi lilikuwa saa kumi na moja. "Nikiridhika, atabaki," alisema kwenye simu. "Nisiporidhika narudi naye, na jambo hili tusilizungumze tena. Sawa, mdogo wangu?"

"Sawa, dada," alisema Mvuke, na wiki nzima hakulala vizuri.

Jumapili saa tatu maharage yalikuwa kitandani. Chakula kilipangwa saa nane. Wageni walifika saa nne, mapema mno, maana ndivyo walimu walivyo. Mtoto alikuwa amerefuka, hasa miguu. Dada alikuwa amejitanda ile shali yake nene ya sufu, aliyoifuma mwenyewe mwaka mzima na ambayo hamwazimi mtu. Hata mtoto akisema anasikia baridi, huambiwa avae sweta. Alipanda ngazi zote bila kupumzika, akaketi kwenye kiti pekee, akatazama huku na huku. Mvuke angependa aseme neno.

"Dada, acha nilete maji ya kunawa," alisema, akachukua ndoo. Mtoto akamfuata.

Nao walipokuwa uani wakisubiri ndoo ijae, dada alibaki ana kwa ana na kile kitanda. Ni mwanamke ambaye hajawahi kuona kitanda kisichotandikwa akakiacha. Alivumilia dakika mbili. Kisha akainuka, akatoa mto, akavuta blanketi, akavuta la pili, akakuta gazeti, akakuta sufuria.

"Mungu wangu," alisema peke yake. "Ndugu yangu analala na sufuria."

Akaiweka dirishani kwenye upepo, akafungua kifuniko ipumue, akayakung'uta mablanketi, akatandika. Alitandika vizuri, kama hospitali.

Mvuke aliporudi na ndoo aliona kitanda kimenyooka, akajua. Alichukua harage moja, akaling'ata. Lilikuwa gumu kama kifungo cha shati. Alitaka kumfokea dada yake, alitaka kulia, na kwa kuwa hakuweza kufanya lolote kati ya hayo mbele ya mtoto, alisimama tu na ndoo mkononi.

Aliyepiga kelele ni mtoto. "Shangazi! Umeyaamsha!"

"Nimeamsha nini?"

"Maharage! Yalikuwa yanaiva!"

"Kitandani?"

"Sasa yataivia wapi?" Mtoto alimgeukia baba yake. "Baba, weka ndoo chini. Yachemshe tena dakika ishirini, zisizidi, swichi itajizima. Uzi wa kifuniko uko wapi?"

Dada alikuwa amefungua mdomo. Kwa miaka minne hakuwahi kumsikia mtoto huyu akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo, wala akimwamrisha mtu. Mvuke akawasha jiko kama alivyoamrishwa. Dakika zilipotimia akaibeba sufuria mpaka kitandani, na mtoto akaipokea kazi. Kurasa sita chini. Sita juu. Shuka. Blanketi akalikunja upande wa ukuta kwanza, akaingiza pembe ndani, akapiga kidogo kwa kiganja joto lisipate pa kutokea. Mikono midogo, lakini haikusita popote.

"Hivi, siyo, baba?"

Mvuke aliitikia kwa kichwa.

"Nani amekufundisha?" dada aliuliza.

"Baba. Kwenye simu."

"Kwenye simu mtu hafundishwi mkono."

"Nafanya mazoezi na mto wangu," alisema mtoto. "Kila siku kabla ya kulala."

Dada akakaa. Miaka minne, kila asubuhi, amekuwa akimkuta mtoto amelala kichwa kitupu kwenye godoro, na mto umeviringishwa ndani ya blanketi kando yake. Miaka minne amekuwa akimgombeza kwa uvivu wa kutandika. Mvuke, anayemjua tangu utotoni, aliona kidevu chake kinatikisika.

Wakasubiri. Hakuna kitu kinachosubirisha kama maharage. Mtoto alivua viatu, akapanda kitandani, akaegemea blanketi lenye joto, akaanza kucheka na baba yake habari za mwalimu wao wa hesabu anayesahau miwani kichwani. Saa tisa kasoro Mvuke akachemsha wali dakika kumi, nao akaufunika vilevile. Akateremsha meza ya pasi mpaka chini kabisa, akatandika shuka jeupe lililopigwa pasi kama la harusi, akapanga sahani tatu. Maharage yalikuwa laini, mchuzi mzito. Dada alikula sahani moja. Akaongeza ya pili, bila kukaribishwa.

Kisha akavuta ncha ya blanketi, akainusa.

"Haya ndiyo mtakayojifunika usiku?"

"Ndiyo, dada. Moja lake, moja langu."

"Yananuka vitunguu. Yote mawili."

Mvuke aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli. Saa ilikuwa kumi na nusu. Alianza kutafuta viatu vya mtoto chini ya kitanda, ili asionekane uso.

Dada alisimama. Akaivua shali mabegani, akaizungusha kwenye ile sufuria tupu, upande wa ukuta kwanza, pembe ndani, kama alivyoona.

"Hii iwe ya sufuria," alisema. "Mablanketi kayafue, wewe si uko kwa dobi? Mtoto wangu asije akanuka vitunguu shuleni. Nguo zake zilizobaki nitazileta Jumamosi."

Alitoka kabla hawajamjibu. Kutoka dirishani walimwona akivuka barabara bila shali, mikono ameikunja kifuani kwa baridi, akitembea kwa haraka kama mtu anayechelewa. Mvuke alimshika mtoto begani na akalia waziwazi, na mtoto akamwacha alie.

Saa mbili usiku, saa ileile ya siku zote, simu iliita. Mtoto ndiye aliyeipokea. Upande wa pili mwalimu mstaafu alikohoa, akajikaza, akauliza:

"Haya. Leo mmefunika nini?"