Gata la Bibi wa Newala

Aibu yenyewe naitoa mwanzo, maana nikiichelewesha nitaipaka sukari. Kisima cha bibi wa watu nilikidhania shimo la choo. Tena sikuishia kudhania. Nilipanda ngazi, nikapima, nikafunga gata la mvua kwa ustadi wote ili tone lisifike kwenye kile kisima.

Mimi ni fundi wa bati, mtu wa Masasi. Shule niliiachia kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tunabishana mpaka leo. Lakini juu ya paa niko vizuri, na kikundi chetu kinajua. Ni kikundi cha kukarabati nyumba za watu wenye hali ngumu: viongozi wanatafuta bati na mbao, mwenye nyumba anatoa anachoweza, awe anachota maji ya kukorogea saruji au anapika, na sisi mafundi tunapewa posho ya kula na nauli.

Safari hiyo tulipelekwa Newala, kwa bibi mmoja mjane anayelea wajukuu watatu. Nyumba ya udongo, paa la nyasi lililochoka. Msimamizi wetu, dada mmoja mtu wa bara asiyecheka ovyo, kabla ya msumari wa kwanza alikwenda na bibi ofisi ya mtaa mpaka kiwanja kikaandikwa jina la bibi mwenyewe. Alisema nyumba ikishapata bati, ndugu wa kuitaka huota kama uyoga.

Wiki nzima tukang'oa nyasi, tukapiga kenchi za kubebea bati, tukaezeka. Nyumba ikang'aa mpaka nikawa napita mbali ili niitazame. Yakabaki magata. Kabla sijayafunga, bibi akaitwa kwa binti yake aliyejifungua, akaondoka na wajukuu siku mbili. Msimamizi na mafundi wengine walisharudi Masasi. Nikabaki mimi na akili zangu.

Sasa nieleweni. Kwetu Masasi, nyumba ya udongo adui yake ni maji. Gata kazi yake ni kuyakamata na kuyatupa mbali, yasije yakala msingi. Nikaangalia nyuma ya nyumba upande wa kulia, nikaona zege la mviringo limefunikwa kuni. Nikajisemea, choo cha zamani hiki, maji yakiingia humu patanuka mtaa mzima. Hata chakula nilikuwa nakila upande wa pili. Basi nikaliinamisha gata kwenda kushoto, likamwaga maji chini kwenye kibonde cha jirani. Jirani akaja, akanisifu kazi, akaniletea mihogo ya kuchemsha sahani nzima. Nikala nikijua nimependwa.

Bibi alirudi siku ya tatu asubuhi, na mchana ule ule mvua ya kwanza ya msimu ikashuka. Mimi nilikuwa kibarazani nafunga vifaa. Nikaona watu wanakimbia na ndoo, wanapanga mstari kule kwa jirani, mwisho wa gata langu. Nikatabasamu.

Bibi akatoka ndani, akazunguka nyuma. Aliporudi alikuwa amelowa, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwanangu, maji yangu yanakwenda wapi?"

Nikamweleza kwa kujiamini kwamba nimeyaepusha na choo.

"Choo kipi?"

Nikanyoosha kidole. Akanitazama kama anayetafuta mahali pa kuanzia. Akaenda akaondoa kuni, moja moja, kukatokea mfuniko wa bati zito wenye kufuli.

"Wewe umeona wapi choo kinafungwa kufuli? Waibe nini?"

Kisha akanieleza, mvua inatupiga wote wawili. Kile kisima alikichimba marehemu mumewe, akakisakafia kwa saruji, akisubiri siku watakayopata bati. Newala maji hayachimbwi yakapatikana, yanakingwa kutoka juu. Paa la nyasi halikingi kitu, na mume akafa kisima hakijawahi kujaa. Miaka yote bibi amenunua maji kwa dumu, kiangazi kikibana wajukuu wanaoga kwa kupangusana. Alichoomba kwa kikundi hakikuwa paa. Alichoomba ni maji, paa ndiyo njia yake. Na mvua za msimu zikipita bila kisima kujaa, ni mwaka mwingine wa madumu.

Lilinijia wazo la kusema kwamba hata hivyo gata lisingekubali kuelekea kulia, bati limekunjika kiwandani, ama mbao zimejipinda. Bibi asingejua. Lakini alikuwa kasimama pale na kanga imemgandia mwilini, nikashindwa.

"Bibi, nisamehe. Nimekosea mimi. Nilikidharau kisima chako bila kuuliza."

Nikampigia simu msimamizi, nikamwambia vilevile. Akauliza kama vyuma vya kushikia gata vinatosha kufungwa upya, nikasema vinatosha, akasema basi usishuke Masasi.

Mvua ilipokatika nikapanda. Wingu lingine lilikuwa limesimama upande wa bonde la Ruvuma, jeusi. Nikang'oa vyuma vyote, nikapima upya, nikaziba tundu la kushoto, nikatoboa la kulia na kulitia bomba la kushusha maji. Bibi alinishikia ngazi na kunisimamia kama mkandarasi. Inua hapo. Shusha. Hapo utanimwagia tena kwa jirani, au bado una hamu na mihogo? Nikagundua habari za mihogo zilishamfikia.

Mvua ya pili ilikuja jioni, bibi akafungua kufuli. Nikakimbilia kuingiza bomba kisimani, bibi akanivuta shati. Akaliacha kwanza limwage nje mpaka maji yakawa meupe, kwa sababu maji ya mwanzo huosha vumbi la bati. Hapo ndipo mwenyewe akaliingiza. Tukasikia maji yanaangukia kwenye saruji kavu, kwa kishindo, halafu kishindo kikawa kinapungua kadiri yanavyopanda. Bibi alipiga magoti akaingiza mkono chini ya bomba, akautoa umelowa mpaka kiwiko. Mimi nilijifanya nahesabu misumari.

Niliporudi Masasi nilimsimulia rafiki yangu, fundi mwenzangu wa Mkomaindo, tukiwa tunakula. Alicheka habari ya choo mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi, akaosha mikono.

"Mimi ningemwambia bati lilikuwa bovu," akasema. "Na angeniamini. Hapo ndipo pabaya."