Kanga Tatu wa Marcella

"Umelisha wateja wangu unga wa Idil, tena kwa jina langu! Nani alikutuma?"

Marcella alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake cha chapati hapo sokoni Oyugis, kifimbo cha kusukumia mkononi. Phanice, mke wa mwanawe, alikuwa anafuta meza. Mimi nauza maharagwe mlango wa pili. Sikuhitaji kunyoosha shingo.

"Mama, si watu wamekula wakamaliza? Wewe mwenyewe umezisifu."

Hapo ndipo Marcella alipoumbuka. Asubuhi hiyo chapati zilikuwa laini kama za zamani, na Marcella alijipiga kifua mbele ya watu wote: "Mmeona? Unga wa Kanga Tatu haujawahi kuniangusha!" Ndipo Phanice akasema ukweli, kwamba ule ulikuwa unga wa pakiti ya bluu, amekopa dukani kwa Idil hapo ng'ambo ya barabara.

"Nyar Kuria, binti wa Wakuria, rudi kwenu Ntimaru!" Marcella akafoka.

Sasa huyu Marcella mumwelewe. Mumewe alipokufa alibaki na watoto na jiko moja. Ndugu za mume walichukua ng'ombe. Kanisa lilimpa maombi. Waliokuja na kitu mkononi ni watu wa unga wa Kanga Tatu. Walimpa aproni, wakampakia kibanda rangi bure na kuchora kanga watatu ukutani. Mimi najua walikuwa wanatafuta ukuta, hawakuwa wanatafuta mjane. Lakini wengine hata ukuta wake hawakuutaka. Watu wakamwita Mama Kanga, na kwa jina hilo alisomesha watoto.

Halafu mwaka jana unga ukaharibika. Kiwanda kilibadilisha ngano au kilipata mwenye mpya, sijui. Chapati zikawa zinakauka kabla chai haijapoa. Monari, fundi wa viatu, aligonga moja mezani: "Mama Kanga, niuzie kumi nishonee soli!" Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Marcella akalaumu mafuta, akabadilisha. Akalaumu makaa. Akalaumu maji ya kisima. Mwisho akalaumu mkono wa Phanice, eti una baridi. Kila kitu kilishtakiwa isipokuwa ile pakiti.

Nilimwambia ajaribu unga wa Idil.

"Idil namjua wa wapi? Watu wa kuja, unga wa kuja."

Na huyo Idil watoto wake wote amewazalia hapa hapa Oyugis.

Baada ya ugomvi ule Phanice hakwenda Ntimaru. Alienda Migori mjini, akapanga kona karibu na stendi, akawa anauza chapati. Mwezi haukuisha, mume akamfuata. Wateja wa Marcella nao walihama mmoja mmoja. Hata Monari aliacha utani, na mteja akiacha kukutania ujue ameshaondoka. Rangi ukutani ikababuka, kanga mmoja akabaki miguu tu. Watu wa kampuni waliahidi kuja kuipaka upya. Anawangoja mpaka leo.

Siku aliyofunga kibanda kabisa, Marcella alivuka barabara na pakiti mpya ya Kanga Tatu kwapani, kifimbo mkononi. Mimi nilikuwa dukani kwa Idil nikinunua chumvi.

"Ule unga msichana alikopa. Huu hapa."

"Mama Kanga, ule nilishasamehe."

"Nani amekuomba msamaha? Wako ulikuwa wa bluu. Mimi nakulipa mzuri."

Idil aliupokea kwa mikono miwili. Marcella akageuka kuondoka, kisha akasimama, macho barabarani.

"Huyo Phanice, nasikia huko Migori watu wanapanga laini. Anatumia unga gani?"

Mimi na Idil tukaangaliana. Tulijua. Phanice ananunua ule wa bluu, kwa Kaltum, dada yake Idil mwenye duka huko Migori.

"Kanga Tatu, mama," Idil akasema.

"Si nilisema," Marcella akajibu, akaenda zake na kifimbo chake.