Tundu la Ukutani

Baba mkwe wangu ndiye aliyeleta mashine ya kukoboa mpunga Bujonde, enzi za Mwingereza. Alitaka wanawake tuache kutwanga. Lakini kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake, na kwa ukoo, nusu ya wanawake wa kijiji walikuwa wakwe zake. Basi akatoboa tundu ukutani: tupitishe mpunga, atupitishie mchele, pasiwe na kuonana.

Niliichukia mashine ile kwa woga. Ikinguruma, ardhi ilitetemeka. Siku moja nimesimama tunduni na ungo, nikamsikia akipiga yowe ndani. Mkanda ulikuwa umemnasa mkono, na hapakuwa na mtu mwingine karibu. Sikujua niogope kipi zaidi, mashine au mwiko. Nikajifunika kanga usoni nikaingia nikipapasa, lakini mngurumo ulikuwa karibu mno. Nikaitupa kanga, nikanyakua mchi uliokuwa mlangoni, nikausukuma mkanda mpaka ukachomoka.

Mashine ikasimama. Nikamtazama kwa mara ya kwanza. Damu zilikuwa zikimchuruzika, naye alikuwa amefumba macho kwa nguvu, asinione.