Simu Iliyoua Mashine

Nilipokabidhiwa chumba cha kompyuta katika mradi wetu wa kupima damu, pale Bukoba, hakuna aliyelazimika kunionyesha kazi. Nilikuwa nimeisomea Dar es Salaam, nikarudi nyumbani Rwamishenye kwa sababu dada yangu alikuwa amefariki na watoto wake walihitaji mtu. Vita tulivikimbia nikiwa shule ya msingi, tukarudi tukakuta kibanja chetu kimeota magugu lakini migomba imesimama. Ugonjwa huu mpya ulitukuta tumekwisha kuwa watu wazima, na ulikaa karibu kila nyumba. Watu wa rika langu tulizoea kwenda msibani asubuhi na kazini mchana.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, kubwa kama kabati, na wote tuliitegemea. Maabara ya Bukoba iliunganishwa nayo kwa nyaya. Kituo chetu kidogo cha Muleba kiliifikia kwa laini ya simu, kupitia kisanduku kinachoitwa modemu. Damu ya akiba ilipimwa Bukoba, na wenzetu wa Muleba walisoma majibu kwenye kioo kabla ya kumwongezea mgonjwa. Mashine ikizima, mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua alisubiri mpaka mtu alete majibu kwa pikipiki.

Msimu ule wa mvua mashine ilianza kufa. Ilikuwa inazidi kuwa nzito, herufi zinachelewa kutokea, halafu kila kitu kinaganda. Niliizima na kuiwasha, ikapona, na baada ya siku chache ikarudia. Wengine walilaumu umeme, wengine vumbi. Kisha mtu mmoja maabara akasema kila inapokufa, mpimaji wa kituo chetu cha Muleba ndiye amekuwa akiipigia kwa modemu.

Ilikuwa kweli, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mpimaji huyo alikuwa amemzika mkewe mwaka uleule. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, asiyependa kukaa kwenye mazungumzo, na watu walikuwa wamekwisha kumpima kwa macho: amekonda, hajakonda. Sasa wakanong'ona kwamba majibu ya damu yake mwenyewe yamo ndani ya mashine, na anaiharibu ili yapotee. Mkurugenzi wetu, daktari mzaliwa wa Maruku, hakuwa mtu wa kusikiliza umbea, lakini alikuwa na wagonjwa wa kulinda. Aliniita akaniambia anataka kumwondoa Muleba.

Nilimwomba anipe wiki moja kabla ya kumwandikia barua. Mashine ilikuwa na amri ya kuonyesha kumbukumbu iliyobaki, yaani nafasi ambayo kompyuta inafanyia kazi. Nikawa naitazama kila nilipopata muda. Siku za jua nafasi hiyo ilipungua na kuongezeka kama kawaida. Siku za mvua ilipungua tu. Nilimpigia mpimaji kwa simu ya sauti, akaniambia kwamba mvua ikinyesha laini inakatika kabla hajaandika hata neno la siri, naye anapiga tena na tena mpaka aingie.

"Nifanyeje, dada?" aliniuliza. "Wodini kuna mtu anangoja."

Nikaelewa. Kila simu ilipoingia, kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa nafasi kwa programu zote, kilimtengea mpigaji kumbukumbu kidogo. Akiingia vizuri na kutoka vizuri, nafasi ilirudi. Simu ikikatika kabla ya neno la siri, kiini kilimsahau mpigaji na nafasi yake hakikuirudisha. Simu mbovu zikiwa nyingi, kumbukumbu iliisha na mashine ikaganda.

Lakini kulikuwa na jambo baya zaidi. Neno la siri halikuhitajika kabisa. Mtu yeyote mwenye namba yetu ya simu angeweza kutuzimia mashine akiwa popote.

Nilimweleza mkurugenzi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema fundi wa kampuni iliyotuuzia mashine hajawahi kulitaja jambo hilo.

"Nipe Jumapili, waitu," nilimwambia, kwa neno letu la heshima. "Mwite mpimaji akae hapa na wewe, mbele ya mashine. Mimi nitakuwa Muleba. Nitaiua kwa simu bila neno la siri."

Aliniuliza, "Na ukishindwa?"

"Sitashindwa."

Jumapili ile majibu yote yaliyohitajika yalinakiliwa mapema na kupelekwa wodini, mtu asije akadhurika kwa jaribio letu. Baada ya misa mkurugenzi na mpimaji walikaa Bukoba na chupa ya chai. Mimi nilikuwa Muleba, katika chumba cha mpimaji, mbele ya picha ya mkewe. Nilipiga, modemu ikaitika, nikakata. Nikapiga tena, nikakata. Sikuwa na wasiwasi ila juu ya laini, kwamba siku hiyo ingeamua kufa yenyewe. Kabla ya saa sita modemu iliacha kuitika. Kisha simu ya sauti ikalia.

"Imeganda," mkurugenzi alisema. "Na huyu bwana ana kikombe mkononi." Halafu nikamsikia akimwambia mpimaji, kwa Kihaya, kwamba anamwomba radhi.

Jumatatu niliichomoa modemu. Tukakubaliana kwamba Muleba watapiga kwanza kwa sauti, niitambue sauti, ndipo niichomeke. Niliwaandikia watengenezaji kwa faksi. Walijibu kwa adabu kwamba tatizo ni laini zetu. Nikawatumia hatua zote za jaribio, nikawaambia wajaribu wenyewe, huko kwao kwenye laini nzuri. Jibu la pili lilikuwa fupi, na baada yake ikaja disketi kwa ndege, yenye kiini kilichorekebishwa. Niliiweka mwenyewe.

Mvua kubwa ilinyesha wiki hiyohiyo. Modemu ilikuwa imechomekwa moja kwa moja. Niliisikia ikiitika na kukatika, ikiitika na kukatika, nami nikiitazama ile namba ya kumbukumbu. Ilishuka, ikapanda. Simu ya sauti ililia.

"Bado ni nzima?" mpimaji aliuliza.

"Nzima kabisa."

"Basi napiga tena," akasema, akakata.