Kanda ya Polepole

Katika vijana wote wa rika langu pale Maisaka, mimi ndiye niliyerudi kutoka ng'ambo na diploma ya ufundi wa pampu za maji, na sikusomeshwa na mjomba wala na chama. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli. Nilirudi na redio kaseti mpya na kanda moja, ya bendi ya Wazungu ambayo kaka yangu aliipenda kuliko mimi.

Kanda yao ya kwanza nilimtumia nikiwa bado masomoni. Ilikuwa kelele tupu: magitaa yanapiga mayowe, ngoma zinagonga kifua. Kaka aliisikiliza akipukuchua mahindi, na mkewe alisema gunia lilijaa upesi zaidi. Sasa nilimkuta kijijini kwake, Nakwa, kitandani, kifua kimembana. Hospitali walikuwa wamemruhusu, lakini si kwa kuwa amepona.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umewaleta watu wangu? Nikiwasikia hao, mdogo wangu, nitaamka."

Niliweka kanda mpya. Likatoka gitaa moja, polepole, na sauti ya mwanamume kama anayeongea peke yake.

"Betri zimekufa," kaka akasema.

Nani angemlaumu? Miaka ile sukari, sabuni na betri vilikuwa hadithi. Sote tulijua redio inavyoburuza sauti betri zikiisha, na dawa yake tuliijua: shemeji alizitoa akazianika juani pamoja na maharage. Jioni tukajaribu tena. Polepole vilevile.

"Shemeji," akanitania, "hiyo diploma haina dawa ya redio?"

Niliwaambia bendi imebadilika, siku hizi inapiga muziki wa upole. Kaka alicheka hadi akakohoa.

"Watu wale? Wewe tafuta betri."

Nikazitafuta. Mwenye duka mmoja mjini alikuwa na pampu iliyowashinda mafundi wote. Niliitengeneza kabla ya chakula cha mchana, naye akanitolea betri mpya chini ya kaunta, pale pale ambapo wengine waliambiwa hakuna. Nilirudi Nakwa nikitembea kama bwana harusi.

Nikaziweka mbele ya macho ya kaka, nikabonyeza. Gitaa lile lile, mwendo ule ule.

Shemeji aliinuka akaenda jikoni, ingawa huko hakukuwa na kitu cha kupika. Mimi niliyezoea kufungua kila kilichoharibika, nilikaa pale sina cha kufungua.

"Kumbe ndivyo walivyo sasa," kaka akasema. Kisha akauliza, "Anasema nini huyo?"

Kizungu nakijua vizuri. "Anamuaga mtu."

"Nani?"

"Hamtaji."

Nilinyoosha mkono nizime. Akaushika, na vidole vyake vilikuwa vyepesi mno.

"Mwache amalize."